Kitenzi cha Kuombea Ruhusa

Jumatatu, 4 Machi
Wifi yangu anayemshika mtoto anaanza masomo wiki ijayo. Saa tisa lazima aondoke. Mimi natoka kazini saa kumi na moja. Mtoto ana miezi mitano na chupa hataki hata kuiona. Mapokezi tuko wawili, na meneja huruhusu mmoja tu kutoka mapema. Mwenzangu, Bi Mhuri (mhuri wa ofisi haumtoki mkononi), naye anaitaka nafasi hiyo, eti aikwepe foleni. Nitamshinda kwa kalamu. Kamusi ya mume wangu imenipa kitenzi cha Kiingereza ambacho sijawahi kukisikia kinywani mwa mtu: "deign". Kukubali kwa hisani, inasema. Maelezo yanaendelea, lakini mtoto analia. Inatosha.

Jumanne, 5 Machi
Barua imekwenda, Kiingereza kitupu, naomba meneja a-"deign" kuniruhusu. Barua hapa hupitia kwa msimamizi kwanza. Kaisoma mara mbili, kafuta miwani, kaniuliza kama nimelala vizuri. Akaandika "Nimeona", akaipandisha. Bi Mhuri akauliza neno lile ni la nini. Nikamwambia ni la watu waliosoma. Akasema haya, msomi, funga kifungo. Blauzi ilikuwa wazi tangu asubuhi.

Jumatano, 6 Machi
Jibu bado. Kila mlango ukifunguliwa, nainuka kitini. Saa nne meneja kapita mapokezi. Mzee wa umri wa baba yangu. Akaniamkia mimi shikamoo. Nikaitikia marahaba kabla sijafikiri. Bi Mhuri akajifanya anaokota kitu chini ya meza, mabega yanamtikisika.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeitwa. Kamusi iko wazi mezani kwake. Akaniambia, binti, soma mpaka mwisho. Nikasoma: kukubali kufanya jambo huku ukijiona mkubwa mno kulifanya. Akauliza ni lini amenivimbia, yeye anayeosha kikombe chake mwenyewe. Akasema niende, nikipata lugha ya kuongea na mtu nirudi. Nyumbani mume wangu kauliza kwa nini nisiseme tu kwamba nanyonyesha. Nikamchukua mtoto, nikaenda kumnyonyesha.

Ijumaa, 8 Machi
Nimerudi. Nikasema shikamoo mzee, mwanangu ananyonya, na wa kumshika anaondoka saa tisa. Akauliza, ndiyo hilo tu? Basi niwe natoka saa nane na nusu, kuanzia Jumatatu. Nimelia chooni dakika mbili, nikanawa. Bi Mhuri kasema nimsalimie mtoto. Ilimuuma, lakini kasema.

Jumamosi, 9 Machi
Nusu siku. Nimelifikiria vizuri. Kitenzi ndicho kilichofanya kazi. Bila kile mzee angenijulia wapi? Basi na shukrani haiwezi kuwa ya hivihivi. Nimepata kingine, "patronise": kufadhili. Nimemshukuru kwa jinsi anavyotu-"patronise" wafanyakazi wote, mimi zaidi. Maana ya pili ipo, inaanza "kumtendea mtu kama mtoto", ndefu kidogo, nitaisoma kesho nikipumzika. Barua msimamizi keshaipandisha.