Kuanguka kwa Ngome ya Kibofu cha Mwalimu Eunike

Njooni, enyi mlio karibu na mlio mbali, wakwe kwa wajomba, walimu kwa wanafunzi, nanyi mnaouza parachichi kando ya barabara ya Moshi. Tueni mizigo yenu, zimeni redio, mnyamazisheni mbwa. Nitawasimulia tendo ambalo Mlima Meru wenyewe ulivua mawingu ili ulitazame, tendo ambalo wajukuu wa wajukuu watalihadithia wakiwa wamesimama wima, mikono nyuma. Mama yangu alikojoa.

Msicheke. Aliyecheka atoke nje, arudi akiwa na adabu. Ninyi mnaokojoa asubuhi na jioni bila hata kushukuru, hamjui mlichojaliwa.

Shujaa wetu ni Mwalimu Eunike wa Engutoto, Mwenye Chaki Isiyokosea, Bibi wa Hisabati za darasa la tano, ambaye kwa mkono wake wa kuume hugawanya sehemu na kwa jicho lake la kushoto huona anayetafuna karanga nyuma kabisa. Ndiye aliyenizaa mimi, Nice, mwandishi wa habari hizi, niliyekuwa nyumbani kwa likizo. Kwa muda mrefu tumbo lake lilikuwa limekaliwa na maadui waitwao uvimbe, waliomnyonya damu kila mwezi, hata madaktari wakakata shauri kwamba kizazi chote kitolewe, maadui pamoja na nyumba yao. Kikatolewa. Vita hiyo kuu tuliishinda.

Lakini baada ya kila vita kuu huwa kuna vita ndogo ambayo hakuna anayeitungia wimbo. Mama alitoka chumba cha upasuaji akiwa na mpira mwembamba wa mkojo, uliotokea kibofuni na kuishia katika mfuko wa plastiki, nao mfuko ukaning'inia kando ya kitanda kama bendera ya nchi iliyotekwa. Asubuhi ninayoisimulia, Nesi Agnela, Amiri Jeshi wa Wodi ya Wanawake, aliutoa mpira ule, kisha akahutubu.

"Mwalimu, kibofu chako bado kimelala. Kimezoea kufanyiwa kazi. Wengi huwa hivyo, usiogope. Kunywa maji kidogo kidogo, usijikamue, ukibanwa nenda ukakojoe kwenye hili jagi nipime. Ukishindwa mpaka daktari apite mchana, tutaurudisha mpira, uende nao nyumbani, upumzike, halafu tujaribu tena. Siyo mwisho wa dunia."

Alipoondoka, Mama alinivuta karibu.

"Nice, wakiurudisha hautatoka tena."

"Nani kasema?"

"Mama Anande. Anasema ukitolewa kizazi, kibofu kinakosa pa kuegemea. Kinalala moja kwa moja."

"Mama, Mama Anande anauza mayai."

"Anauza mayai, lakini anasikia mengi. Nitasimamaje mbele ya watoto na mfuko mguuni? Watasema mwalimu anavuja."

Huyu ndiye mwanamke ambaye mtoto akiomba ruhusa ya kwenda chooni humwambia, "Subiri kengele." Sasa alikuwa anasubiri kengele yake mwenyewe, na kengele ilikuwa imegoma.

Basi jua likapanda, maji yakanyweka, na tazama, haja ikaja! Mama akaketi, akainuka, akalificha jagi ndani ya khanga kama upanga alani, nami nikamshika kiwiko. Tukatoka wodini kwa maandamano, hatua moja, pumzi moja, kuelekea choo cha wanawake kilichokuwa katikati ya ukumbi. Cha pili kilikuwa kimefungwa, kinamsubiri fundi. Na hapo ndipo tulipomwona mlinzi wa lango.

Benchi pekee la ukumbi ule lilikuwa limegusana na mlango wa choo. Juu yake ameketi Mzee Ephraimu, baba mzazi wa baba yangu, Simba wa Nkoaranga, Mwenye Migomba Isiyolala, ndani ya koti lake la Pasaka, fimbo katikati ya magoti, chupa ya supu ya mbuzi ubavuni. Alikuwa ameteremka mlimani alfajiri. Muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha, askari wa hospitali alimwomba atoke pamoja na wageni, naye akajibu, "Mimi siyo mgeni. Mimi ni mkwe. Sitoki mpaka nijue mkamwana wangu amepona."

Wasiotoka kwetu nitawaeleza. Katika ukoo wetu mkamwana hampiti baba mkwe bila kumwamkia, hatafuni kwa sauti mbele yake, na kuhusu mambo ya chooni, baba mkwe anatakiwa aamini mpaka siku ya kuzikwa kwake kwamba mke wa mwanawe hana kitu kama hicho. Na mlango ule ulikuwa wa ubao mwembamba, umekatwa juu na chini, hata aliye nje angemsikia aliye ndani akifikiri.

"Shikamoo baba," akasema Mama.

"Marahaba, mwanangu! Umeinuka! Unaelekea wapi?"

Neno moja lingetosha. Falme zimeanguka kwa kukosa neno moja.

"Nanyoosha miguu, baba."

"Nyoosha, nyoosha! Miguu ndiyo afya."

Basi Mwalimu Eunike, akiwa amebanwa kama gunia la kahawa, akaupita mlango wa choo. Akaenda mpaka dirisha la mwisho, akautazama Mlima Meru kana kwamba wameuleta jana, akageuka, akaupita mlango kwa mara ya pili, akarudi kitandani.

"Safi sana!" Babu aliutangazia ukumbi mzima. "Anatembea kuliko hata mwanangu."

Tukajaribu tena Babu aliposinzia. Safari hii tuliingia. Mama akaketi, akainama mbele kama alivyofundishwa, akafumba macho, akashusha mabega, na nilipoona uso wake unaanza kulegea, kutoka upande wa pili wa ubao, karibu kabisa na sikio, ikasikika sauti ya mzee anayesafisha koo.

"Ehem."

Kibofu kikajikunja kama konokono aliyeguswa pembe. Hata tone.

Nesi Agnela akatukuta kitandani. "Unabanwa?"

"Nabanwa sana."

"Mbona huendi?"

"Baba mkwe," akasema Mama.

Nesi Agnela ni mtu wa Kilimanjaro, na kwao nako mkwe ni mkwe. Hakuhitaji maelezo. "Loo! Basi nikuletee beseni hapa hapa kitandani, nivute pazia."

Mama akatazama mlango wa wodi uliokuwa wazi, na kiatu cha Babu kilichoonekana pale ukumbini. Akatikisa kichwa.

Amiri Jeshi akaenda mwenyewe vitani. "Mzee wangu, pale bustanini kuna jua zuri sana."

"Nimezoea kivuli, mwanangu."

"Na kantini wana chai."

"Nina supu. Nikuwekee?"

Akarudi na kikombe cha supu mkononi. Ndivyo Babu anavyoshinda vita zake.

Kwenye kitanda cha pili alilala Nosim, mfugaji kutoka magharibi ya mlima, aliyepasuliwa siku moja na Mama na ambaye alikuwa amekwisha kukojoa mara nyingi, bila kutuficha. "Mwalimu," akasema, "una mkojo wa kutosha kunywesha ndama, na unaona aibu? Mimi mkwe wangu angekaa pale ningempa jagi anishikie!"

"Nosim, usinichekeshe, nyuzi zinauma."

"Ng'ombe akikaza maziwa humpigi. Unamwimbia mpaka moyo wake ulale, halafu yanashuka yenyewe. Lakini huwezi kumwimbia simba akiwa amekaa mlangoni kwa zizi."

Tumbo la Mama lilikuwa limevimba juu ya kidonda, na kutoka wodi ya jirani tulishasikia sauti ya daktari akianza kupita. Chozi moja likamtoka. Akageukia dirishani ili nisilione, nami nikaliona, na hapo hapo mimi Nice, ambaye hata matroni wa bweni letu hajui ni nani huiga sauti yake, nikaingiwa na roho ya mashujaa wa kale. Nikachukua simu ya Mama, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikajificha kati ya mashuka yaliyoanikwa barazani, nikampigia Babu.

Mnapaswa kujua kwamba Babu hasomi jina la anayempigia, kwa maana miwani yake ni ya kanisani tu. Na mnapaswa kujua kwamba ana jirani aitwaye Gadiel, mwenye shamba la maharage lililopakana na zizi, mtu anayezungumza kwa pua na kupiga kelele hata akiwa ameketi karibu yako.

"Mzee Ephraimu! Gadiel hapa! Ng'ombe wako amekata kamba! Yuko kwenye maharage yangu, anakula kama mgeni wa harusi!"

"Ng'ombe yupi?"

Swali hili sikuwa nimelitarajia. "Yule mweusi!"

"Nina ng'ombe mmoja, na ni mwekundu."

"Huyo huyo! Amejaa matope!"

Nikasikia benchi likilia. Nikachungulia. Simba wa Nkoaranga alikuwa ameshika fimbo, ameiacha supu, anateremka ngazi akiwaita bodaboda kwa sauti ya kutisha.

Lango likawa wazi!

Oneni basi jinsi jeshi lilivyosonga mbele: Mwalimu Eunike katikati, khanga ikipepea, mimi kuume nikiwa na jagi, Nesi Agnela kushoto, na Nosim nyuma, ameshika tumbo lake mwenyewe, hakutaka kukosa. Mama akaingia, akaketi, jagi likawekwa mahali pake. Nesi akafungua bomba la sinki, maji yakaanza kutiririka polepole. Kimya. Kisha Nosim akaegemea mlango na kuanza kuimba kwa Kimaa, chinichini, wimbo ule anaowaimbia ng'ombe wake alfajiri, mrefu, usio na haraka, wenye kupanda kidogo na kushuka sana.

Sijui ulisema nini. Najua kwamba wasafishaji waliacha kusafisha.

"Nice," ikasikika sauti kutoka ndani.

"Naam, Mama."

"Nadhani inakuja."

"Usiongee, utaishtua."

Na ikaja. Kwanza tone, mjumbe mpweke aliyetumwa kupeleleza nchi. Kisha matone, kisha uzi, kisha, enyi watu, mto! Mto ulioteremka kama ile inayoshuka Meru wakati wa masika, ukigonga plastiki kwa sauti ambayo hakuna ngoma ya mfalme yeyote iliyowahi kuifikia. Tukasimama tumeshikana mikono, watu wazima na nesi mwenye diploma, tukisikiliza mkojo kama watu wanaosikiliza matokeo ya mtihani.

Mama akatoka. Alikuwa analia na kucheka pamoja, mikono ikiwa juu ya nyuzi zake. Nesi Agnela akaliinua jagi kwenye mwanga wa dirisha kama kombe la mashindano, akasoma mstari, akasoma tena. Daktari akafika kitandani, akapitisha mashine yake juu ya tumbo, akaangalia kilichobaki ndani.

"Kidogo sana," akasema. "Kibofu kimeamka. Mpira haurudi."

"Hautarudi kabisa?" Mama akauliza kwa sauti ya mtoto wa darasa la kwanza. "Hata nikilala?"

"Hata ukilala, Mwalimu. Kojoa tu kila unapobanwa, usisubiri. Ukiona tatizo, tupo."

Wodi ikalipuka kwa vigelegele. Waliopasuliwa wakapiga makofi wakiwa wamelala. Nami, nikiona kwamba tendo kubwa hivi haliwezi kupita bila hotuba, nikapanda juu ya kigoda cha kupandia kitandani, nikanyoosha mkono.

"Enyi wanawake wa wodi hii! Siku ya leo na ikumbukwe! Visiseme vizazi vijavyo kwamba Engutoto haikuwa na mashujaa! Lilikuwepo jitu mlangoni, jitu lenye fimbo na supu, nani aliliondoa? Ni mimi, kwa sauti ya Gadiel, mwenye pua kama tarumbeta, niliyesema, 'Yuko kwenye maharage yangu, anakula kama—'"

Nikaona hakuna anayecheka. Wote walikuwa wanatazama nyuma yangu.

Nikageuka. Mlangoni alisimama Babu na fimbo yake, na kando yake, mkungu wa ndizi begani, akihema kwa kupanda ngazi, alisimama Gadiel mwenyewe, aliyekuja kumjulia hali mgonjwa na kukutana na Babu getini akigombana na bodaboda kuhusu nauli ya kwenda kumkamata ng'ombe.

"Hivyo ndivyo ninavyoongea?" akauliza Gadiel, kwa pua.

"Ndivyo," akasema Babu, bila kumtazama. "Nice. Shuka."

Nikashuka.

"Eleza."

"Babu, ilikuwa saa ya mashaka makuu, na majeshi yalikuwa—"

"Eleza kama mtu."

Nikamtazama Mama, aliyejifunika shuka mpaka puani. Nikatazama sakafu. "Mama alikuwa amebanwa na mkojo, Babu. Asipokojoa wangemrudishia mpira. Na wewe ulikuwa umekaa mlangoni kwa choo, na hakuna aliyeweza kukuambia."

Babu akageuka polepole kulitazama benchi lake, kisha mlango, kisha maandishi makubwa ya CHOO WANAWAKE yaliyokuwa juu ya kichwa chake tangu asubuhi, ambayo bila miwani yalikuwa mapambo tu. Akavua kofia. Nikadhani ndiyo mwisho wangu.

"Amekojoa?" akauliza, akilielekeza swali dirishani, kwa adabu yote ya ukoo.

"Amekojoa, Babu. Daktari amesema mpira haurudi."

"Mungu asifiwe." Akapangusa macho kwa kofia, akaivaa tena, akanielekezea fimbo kifuani. "Na yule ng'ombe aliyekuwa kwenye maharage ni nani?"

"Ni mimi, Babu."