Rimoti Yenye Lebo Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Machi
Baba mkwe anakuja Jumamosi, mguu ukiwa kwenye plasta. Wiki tatu kwenye kochi letu. Mke wangu ametoa amri: mzee akishindwa kubadilisha kipindi bila kuinuka, kompyuta yangu ya Linux, tunayoitumia kama televisheni, inahamia stoo na televisheni ya shemeji inaingia sebuleni. Shemeji ni kaka yake, fundi wa televisheni, mtu wa kukucheka kabla hujamaliza sentensi. Simpi nafasi hiyo. Nimenunua rimoti iliyotumika pamoja na kipokezi chake, kidude cha kuchomeka ubavuni mwa kompyuta. Kazi ya nusu saa.

Jumanne, 5 Machi
Saa tano mfululizo. Kompyuta inakiri kwamba kipokezi imekiona, lakini nikibonyeza, kimya. Nimebonyeza nimesimama, nimebonyeza nimepiga magoti. Mke wangu akauliza kama nimeweka betri. Nikamjibu kwamba tatizo ni la kitaalamu zaidi. Alipokwenda jikoni nikaweka betri.

Jumatano, 6 Machi
Leo somo. Kompyuta inataja kazi, mimi nabonyeza kitufe chake, yenyewe inakariri. Ilipotaja "chini", shemeji akapiga simu kuuliza kama stoo ina nafasi. Hasira zikanipanda. Nilipokata simu nikadhani "chini" nimeshabonyeza, nikaendelea na kitufe kinachofuata, kumbe kompyuta bado inasubiri "chini". Matokeo: kila kitufe kinafanya kazi ya jirani yake. Ukiongeza sauti, kompyuta inazimika.

Alhamisi, 7 Machi
Kurudia vitufe vyote? Mimi? Nimekata vipande vya karatasi, nikaandika kazi mpya ya kila kitufe, nikabandika kwa gundi. Lebo kumi na mbili, kazi safi. Mke wangu ameitazama rimoti kwa muda mrefu, akasema baba yake hasomi bila miwani, na miwani aliikalia siku aliyoanguka.

Jumamosi, 9 Machi
Mzee kafika. Shemeji alimshika mkono hadi kwenye kochi. Televisheni yake ilikuwa inasubiri garini. Baba mkwe akapokea rimoti, akapapasa, akabonyeza bila kusoma chochote. Orodha ya vipindi ikapanda. Akaongeza sauti. Ikaongezeka! Nilikaa sakafuni. Nimepumua jinsi sijapumua wiki nzima, nusura nimkumbatie shemeji. Mzee akasema mkwewe ana kichwa.

Baadaye mke wangu akaninong'oneza kwamba jana, nikiwa kazini, alizima simu akarudia somo lote. Dakika kumi. Nimemshukuru kwa moyo wote, bila yeye ningehamia stoo na kompyuta yangu. Ila sehemu ngumu nilishaimaliza mimi.

Jumapili, 10 Machi
Nilitaka kumrudishia mzee goli la mechi aliyokuwa akiitazama. Nikabonyeza penye lebo yangu ya "Rudisha nyuma". Kompyuta ikazimika. Mzee akaninyang'anya rimoti kwa upole.

Nimegundua kasoro: lebo ni chache. Nimemwahidi mzee kwamba kufikia Jumanne rimoti hiyohiyo itawasha feni, itazima taa na kufungua mlango wa mbele. Shemeji kasema televisheni ataiacha garini. Lebo nimeshaziandika zote.