Kivinjari Hakijapitishwa

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa posta ya Kibiti, kwenye ukuta wa soko, na kwenye mkorosho uliokuwa mbele ya nyumba ya aliyelitoa. Lilisema: "Kwa kuwa nchi imeingia katika soko huria, na kwa kuwa kila mwananchi sasa ana uhuru wa kuchagua, inatangazwa kwamba hakuna mtu atakayechagua chochote mpaka uchaguzi wake uratibiwe."

Chini yake kulikuwa na saini ya Bwana Haidari, Mratibu wa Ofisi ya Uchaguzi Huria wa Bidhaa.

Ilikuwa mwaka 2005. Ofisi kuu ya Dar ilikuwa imempa Haidari kompyuta ya kukaa nayo nyumbani, ili ayazoee mambo ya kisasa taratibu, akiwa amevua viatu. Mafundi waliiunganisha na simu ya mezani, wakamwachia kazi mbili tu: achague programu ya kukinga virusi, na achague kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia intaneti. "Barua zote za ofisi zitakuja humu," walimwambia.

Mtu mwingine angeimaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa. Haidari aliitazama kompyuta, akaona kamati.

Mkewe, Muzdalifa, aliwahi kuwa karani wa chama cha ushirika, na mashine yoyote yenye herufi haikumtisha. "Baba Salima," alisema, "namjua binti mmoja Ikwiriri, anaitwa Zamda, ana duka la kompyuta. Nimwite?"

"Mwite. Atahojiwa kama mtaalamu."

Zamda alifika na basi la asubuhi, akaamkia, akakaa kitini. "Mzee, ya virusi kuna hii, ni ya bure kwa mtu wa nyumbani. Usiweke mbili, zitagombana, mashine iwe nzito kama imebeba magogo ya mikoko. Na kila wiki uisasishe. Isiposasishwa ni pambo. Kivinjari, kuna hiki cha herufi ya bluu kilichokuja nayo, na kuna hiki kipya chenye picha ya mbweha. Mimi natumia mbweha, lakini chochote sawa, mradi usibonyezebonyeze kila kinachong'aa."

"Umemaliza maelezo?"

"Nimemaliza na kazi, mzee. Vyote nimeshaviweka."

Haidari akasimama. "Umeviweka kwa kikao kipi?"

Zamda akamtazama Muzdalifa. Muzdalifa akaangalia dari. Binti alipoondoka, Haidari alibandika karatasi kwenye kioo cha kompyuta: IMEWEKWA KWA MUDA. ISITUMIKE.

Kamati ya watu tisa ikaanza kukaa sebuleni kwake kila Jumanne. Kikao cha kwanza kilijadili jina la kamati. Cha pili kilibadilisha jina hilo. Katika cha tatu, mwenyekiti wake, Mzee Dadi, aliposikia habari za mbweha, alinyoosha mkono.

"Mbweha gani? Mimi wamenilia kuku saba, hapo Mahege."

Ikaamuliwa kwamba Mzee Dadi ana mgongano wa maslahi, hivyo hatapiga kura ya kivinjari, ila ataendelea kuongoza kikao na kula.

Kwenye kinga ya virusi palikuwa pagumu zaidi. Wajumbe walisema kitu cha bure hakina mhuri, na kisicho na mhuri hakiaminiki. Wengine walitaka ziwekwe mbili, moja ya kusini mwa mto na moja ya kaskazini, watu wasinung'unike. Ndipo Haidari akaenda kwa mashua mpaka Kiongoroni kukusanya maoni. Mama mmoja aliyekuwa akianika samaki alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa hiyo kompyuta, baba, inakamata kamba?" Haidari akaandika: "Wananchi wa Kiongoroni wanaunga mkono kivinjari chenye uwezo wa kuvua."

Aliporudi, alimkuta Muzdalifa amesimama karibu na kompyuta.

"Baba Salima, kuna barua imeingia kutoka ofisi kuu."

"Umeionaje?"

"Nimeinua karatasi."

"Imepitia kivinjari gani?"

"Huyo mbweha."

"Basi haijaingia," alisema Haidari. "Barua iliyopita kwenye kivinjari ambacho hakijapitishwa ni uvumi."

"Inasema ujibu kabla ya—"

"Mama Salima! Usinisomee uvumi."

Kusema kweli, neno "ofisi kuu" lilimwasha mwili mzima. Alitamani kujua. Lakini mtu mzima akivunja utaratibu aliouweka mwenyewe, atamtazama nani usoni? Akaenda kuoga.

Barua ya pili ilikuja, ikapokelewa hivyohivyo. Ya tatu ilipokuja, Muzdalifa aliingia sebuleni katikati ya kikao, upawa mkononi. Nyumba ile ilikuwa yake pia.

"Jamani, hii ni ya tatu. Wameandika 'ya mwisho'."

"Mama," alisema Mzee Dadi kwa upole, "hoja yako haimo kwenye ajenda."

Wiki ya kumi na moja kamati ilihitimisha. Turubai likafungwa uani, kompyuta ikatolewa nje na waya wake mrefu, pilau likapikwa. Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Kibwana, Mratibu Mkuu wa Kanda, mkubwa wake Haidari, aliyetoka Dar kwa gari la ofisi.

"Baada ya utafiti wa kina," alitangaza Haidari, "kamati imechagua kinga ile ya bure, na kivinjari cha mbweha. Yaani vilevile vilivyokuwamo, lakini sasa vimepitishwa!"

Watu wakapiga makofi. Karatasi ikabanduliwa kwa mkasi wenye utepe.

"Sasa fungua barua mpya kuliko zote uisome kwa sauti," aliagiza Kibwana. "Serikali haina siri na wananchi wake."

"Baba Salima, hiyo ya leo usisome," alisema Muzdalifa kutoka jikoni.

"Mama Salima, pilau!" Haidari akakohoa, akasoma. "'Ofisi ya Uchaguzi Huria wa Bidhaa inavunjwa, baada ya kubainika kwamba watu wanachagua wenyewe. Watumishi waliojibu barua zetu watahamishiwa idara nyingine. Wafuatao hawakujibu, hivyo kazi yao...'" Akasogeza uso karibu na kioo. "'...kazi yao imekoma leo.'"

"Endelea," alisema Kibwana. "Wazembe lazima watajwe."

"'Namba moja, Kibwana, Mratibu Mkuu wa Kanda.'"

Wajumbe wakageuka kumtazama mgeni rasmi.

"Mimi?" Kibwana akaruka. "Mimi niliagiza barua zangu zisifunguliwe mpaka nyie Kibiti mpitishe kivinjari! Nilikuwa nasubiri ripoti yenu!"

"Namba mbili ni mimi, mheshimiwa."

Mzee Dadi akaahirisha kikao, na wajumbe wakaahirishika kwa haraka ambayo kamati haikuwahi kuionyesha. Nje, gari la ofisi lilikuwa limeshaondoka. Dereva alijibu barua yake siku ileile ilipofika, na alikuwa ameagizwa alirudishe.

Muzdalifa alijifuta mikono, akakaa mbele ya kompyuta. "Chini hapa wameandika rufaa zinapokelewa hadi saa kumi kamili. Bado dakika ishirini. Semeni, naandika."

"Andika," alisema Kibwana, "'Kutoka kwa Mheshimiwa Mratibu Mkuu...'"

"Cheo hicho hakipo tena," alisema Haidari.

"Na chako kipo? Andika 'aliyekuwa Mheshimiwa'."

"Na mimi niandikwe 'aliyekuwa Mratibu', tena mwanzo. Ripoti ni yangu."

"Mwanzo vipi, wewe mtu mdogo?"

Walibishana hivyo, vidole hewani. Muzdalifa hakuwasubiri. Aliandika mistari mitano, akaweka jina la mumewe bila cheo chochote, akaomba kazi yoyote iliyopo, akaituma dakika moja kabla ya saa kumi.

"Na mimi?" aliuliza Kibwana alipokuja kuona kwamba skrini imebadilika.

Muzdalifa aliitazama saa ya kwenye skrini. Ilikuwa saa kumi na dakika mbili. Akamsogezea sahani ya pilau.

"Kula kwanza, mzee wangu. Basi la Dar linapita saa kumi na moja."