According To Kijiji Kizima

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Goti limevimba tena. Mtoni na kurudi ni saa nzima. Nusu yake nikifukua mchanga kama panya mpaka maji yatokee, nusu nyingine na mtungi wa lita ishirini mgongoni. Umri wangu sitauandika. Haumhusu mtu.

Habari kubwa. Kamati ya maji inavuta bomba kutoka kisima kipya, na upande wetu tutapata mfereji mmoja wa kuchotea maji. Mmoja! Utawekwa kwenye lango langu au lango la Muthoki, mke wa shemeji yangu, hatua mia mbili kutoka hapa. Mwenye neno aandike barua kabla ya Ijumaa.

Mfereji ukienda kwa Muthoki nimekwisha. Si hizo hatua mia mbili. Ni ile asante. Kila asubuhi nisimame langoni kwake, aniulize goti limeamkaje kwa ile sauti yake ya asali, nami niseme asante, mpaka siku ya kuzikwa. Miaka thelathini na nane sijawahi kumwambia Muthoki asante. Sianzi sasa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimenunua magadi kwa Jabiri, sokoni Matiliku. Jabiri hufungia magadi kwenye karatasi za daftari za watoto wa shule. Ya leo ilikuwa Kiingereza kitupu, mistari minne. According to. For instance. As evidenced by. Research shows that.

Nimempelekea Mwalimu Wanjiro, yule anayetufundisha sisi wazee kusoma kanisani. (Mimi niliacha darasa la pili. Shule ndiyo iliyopata hasara.) Amesema ni maneno ya kuleta ushahidi kwenye maandishi ya heshima: kwa mfano, kama inavyothibitishwa na, utafiti unaonyesha. Ukiandika according to, yaani kwa mujibu wa, unamtaja mtu anayejua jambo, halafu unaandika alichosema. Msomaji anaamini kwa sababu si wewe uliyesema.

Si wewe uliyesema! Na mimi miaka hii yote nimebishana kwa mdomo wangu mwenyewe, bure.

Aliongeza kitu kuhusu kumuuliza huyo mtu kwanza. Sikusikia vizuri. Nilikuwa nimefika mlangoni.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango umekuja nikichambua ndengu.

Kesi za ukoo zina sheria. Shahidi ana upande mmoja. Ukishamwita ukamlisha, ni wako, na yule mwingine akatafute wake. Sasa kijiji hiki kina watu wazito wangapi? Watatu. Mzee Mbithi wa ukoo. Jabiri wa duka. Gicheru, yule wa kuuza mabomba, aliyetoka huko Murang'a na lori moja akabaki. Nikiwaandika wote watatu kwangu, Muthoki atabaki na nani? Kuku wake.

Nimeandika tangu asubuhi. Kwa Kiswahili, lakini kila mstari unaanza na Kiingereza, maana barua ya ofisi bila Kiingereza ni ugali bila mboga.

According to Mzee Mbithi, njia ya ukoo inapita langoni kwangu tangu zamani.

According to Jabiri, wateja wake wote hupita kwangu na hupenda kupita kwangu.

According to Gicheru, hajaona mahali pazuri pa mfereji kama kwangu.

As evidenced by goti langu. Litaonyeshwa likihitajika.

For instance jana.

Research shows that maji yaliyo karibu na mama mtu mzima hukaa safi. Huu utafiti nimeufanya mimi. Nimeishi, nimeona. Kuna utafiti gani mwingine?

Halafu nikakumbuka amebaki mtu mmoja anayeweza kumtetea Muthoki. Muthoki mwenyewe. Nikamchukua pia. According to Muthoki, Mama Musembi (ndiye mimi) anastahili zaidi.

Nimelala mchana kama mtu aliyevuna.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepeleka barua. Karani wa kamati ni msichana anaitwa Yvonne, viatu vyeupe kwenye vumbi hili, sijui nani alimshauri. Ameisoma mara mbili. Ameniuliza kama hawa watu kweli walisema haya. Nimemwambia asome tena, imeandikwa according to.

Nimeuliza kama Muthoki ameleta barua. Hajaleta. Hata mstari mmoja. Nimecheka kimoyomoyo.

Yvonne amesema kwa kuwa nimetaja mashahidi, kamati itakuja kwangu Jumamosi kuwasikia. Vizuri kabisa. Hata kwenye ukoo ni hivyo. Shahidi husikizwa baada ya kula.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimetoa kuku wawili. Chapati thelathini. Maji ya kupikia yote nimebeba mimi, mara tatu mtoni. Wamekula. Jabiri ni Mwislamu, alikuja na kisu chake akachinja mwenyewe, akala shingo na paja. Gicheru alifuta sahani kwa chapati. Nikasema moyoni, hawa ni wangu.

Yvonne akasimama, akasoma barua. Kila mtu akainua kichwa aliposikia jina lake.

Akaanza Mzee Mbithi. Alisema ni kweli, njia ya ukoo ilipita langoni kwangu. Ilipita mpaka mwaka ule nilipoizungushia miiba nikapanda mbaazi. Tangu hapo watu hupita kwa Muthoki. Ameyasema hayo kuku wangu akiwa bado kwenye meno yake.

Nikamwambia mbaazi haziwezi kujilinda. Yvonne akaandika.

Jabiri akafuata. Akaanza kwa heshima, mama yangu huyu, mama yetu sote. Nikajua ameniua. Alisema wateja wake huzunguka ili wasipite kwangu, kwa sababu nawauliza wanaenda wapi, wamebeba nini, na kwa nini nguo ni fupi. Alisema kuna wanawake watakaonunua maji sokoni kuliko kupanga foleni mbele ya macho yangu.

Nikauliza wanawake gani, wataje. Yvonne akasema hilo tu linatosha, akaandika.

Gicheru alisema hajaona mahali pazuri kama kwangu kwa sababu hajawahi kupaona. Siku aliyoniletea bomba la kukinga maji ya paa nilimfukuza hapo nje, nikasema ananuka dizeli. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kuingia. Alishukuru kwa chapati.

Wamebaki wakitazama chini. Mimi sikutazama chini. Nilimtazama Muthoki, maana alikuwa shahidi wa mwisho, na alikuwa amekaa pembeni na leso yake mpya, hajagusa hata kipande cha nyama.

Akasimama taratibu. Akasema, "Mama Musembi, mimi sikusema hivyo. Lakini kama umeshaandika, iwe hivyo. Uwekwe kwako. Wewe ndiye mwenye goti."

Yvonne akaniangalia. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Mfereji ulikuwa wangu, hapo hapo, neno moja tu lilibaki. Nililijua. Lilikuwa kooni. Watu wote waliliona likiwa kooni.

Nikasema, "Sihitaji kupewa mfereji na mtu. Mimi nina ushahidi."

Yvonne akasema basi, tufuate ushahidi. Akaandika kwa muda mrefu.

Walipoondoka, Muthoki alibaki kuosha sufuria. Sikumwomba.

Jumatano, 27 Agosti

Mfereji umefunguliwa. Kwa Muthoki. Wamepaka rangi ya buluu. Maji yanatoka kwa nguvu, hata hapo sitadanganya.

Nimekaa siku tatu nikifikiri kosa lilikuwa wapi. Si barua. Barua ilikuwa nzuri, Mwalimu Wanjiro mwenyewe alisema hajawahi kuona barua kama ile. Kosa ni mashahidi. Nilichagua watu walio hai! Mtu aliye hai anakula kuku wako, anasimama, anafungua mdomo.

Marehemu hasimami.

Kamati inapokea malalamiko mpaka mwisho wa mwezi. Nimeanza nyingine. According to marehemu baba mkwe, aliyegawa shamba hili. According to marehemu chifu wa kwanza. According to marehemu mkunga aliyezalisha nusu ya kijiji, na mama yake Mzee Mbithi, Mungu amlaze, ambaye kwa kweli hakunipenda, lakini sasa ni wangu. Nina kumi na mmoja. Na hata wa kuwapikia hakuna.

Kazi ni nyingi, sina nafasi ya kupanga foleni. Asubuhi Muthoki ameniletea mtungi umejaa, akaufikisha mpaka jikoni. Akauliza goti limeamkaje. Akaona karatasi, akauliza naandika nini.

Nimemwambia ni orodha ya kuwaombea marehemu.

Akasema nisimsahau baba mkwe.

Nimemwambia ndiye wa kwanza.