Dakika Moja ya Ukimya kwa Kobe wa Fundi Cherehani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na kwa hiyo ninamkaimu mwenyewe. Waheshimiwa wakuu wa vitengo, na makaimu wa wakuu ambao hawajateuliwa. Wake wa waheshimiwa na wakwe wa waheshimiwa. Wanahabari, yaani wewe mwenye kamera. Ndugu wafiwa mliopotelewa na kobe, vinyonga, mijusi na nyoka wenu wapendwa. Wananchi mlioketi, na ninyi mliosimama kwa sababu viti vimekaliwa na wakwe: itifaki, kama kuna aliyebaki nje yake, aingie tuendelee. (Makofi kutoka safu ya kwanza.)

Mimi, Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Uokoaji na Kumbukumbu za Reptilia, nimesimama mbele ya pazia hili la bluu, ambalo nyuma yake kipo Kituo cha kisasa cha Uokoaji, ili kwanza tuwakumbuke wapendwa wetu waliotutoka, na pili nivute kamba. Kuhusu kamba msiniharakishe. Upepo wa leo ni mkali, ndiyo maana pindo la pazia tumelikandamiza kwa mawe manne, matatu ya kuokota njiani, na la nne, lile la duara lenye doa jekundu, limetoka ofisini kwangu, ambako limezuia mlango wangu usijifunge mwaka mzima bila kuomba likizo, ingawa mara mbili nimelikuta chini ya meza, jambo ambalo nimeliundia kamati. (Kicheko. Mkurugenzi anangoja kiishe, kisha anacheka yeye.)

Ndugu zangu, tumetoka mbali. Nilipokabidhiwa idara hii, mtu akihama nyumba alimwacha mjusi wake uani kama ndala iliyokatika, na hapakuwa na sera, dira wala mpango mkakati wa kumfuta mjusi huyo machozi. Leo, kwa mujibu wa tathmini niliyoifanya mwenyewe na kuipitisha mwenyewe, uokoaji umepanda kwa asilimia mia nne kutoka sifuri. (Mwalimu mmoja wa safu ya nyuma anauliza mia nne ya sifuri ni ngapi.) Swali zuri, mwalimu. Lilete kwa maandishi.

Sasa tuwakumbuke. Tunamkumbuka kinyonga wa ndugu kinyozi, aliyeishi juu ya kioo cha saluni miaka mitatu, wateja wakidhani ni pambo, mpaka siku alipomkonyeza mwenyekiti wa mtaa akiwa amenyolewa nusu kichwa, naye akatoka mbio na nusu nyingine. (Kinyozi anacheka, kisha anafuta macho kwa taulo.) Pole, ndugu yangu. Nasema pole kutoka moyoni, na hapa pia imeandikwa.

Tunamkumbuka kobe aitwaye Mpangaji, wa mama fundi cherehani, yule wa safu ya tatu mwenye mkasi. Kobe huyu alikuwa wa marehemu mume wake, na ndiye aliyebaki wa kumsikiliza mama akishona. Mama alipohamia ghorofa ya nne, mwenye nyumba akakataa mnyama, basi akamleta kwetu dirisha namba mbili, akasaini fomu, akaahidiwa kurudishiwa siku atakapopata nyumba yenye ua. Kwa masikitiko, Mpangaji alifariki siku ileile ya kupokelewa, kwa mujibu wa Mwongozo wetu, unaoelekeza kwamba mnyama akiitwa jina mara tatu na asitoe kichwa ndani ya dakika tano, anahesabiwa marehemu na kupelekwa stoo. Kwa Mwongozo huohuo tumewapoteza kobe wote kumi na saba tuliowapokea, jambo linaloonyesha ukubwa wa tatizo na haja ya kuniongezea wasaidizi.

(Mama fundi anasimama.) Naam, mama. Mama anasema nyumba yenye ua ameshaipata, na kwamba hapa amekuja na majani ya kabichi, si na msiba. Anasema kobe akiogopa huficha kichwa, na kwamba hata yeye angekificha kama ningemwita mimi mara tatu. (Kicheko kirefu.) Mama, nakuheshimu kama mama yangu mzazi, lakini mimi nimehudhuria semina. Anasema kobe wake ana alama, doa la rangi ya kucha alilopakwa na marehemu mume wake ili watu wasimkanyage. Doa limo kwenye jalada, mama, na jalada limefungwa. Naomba wote tusimame, dakika moja ya ukimya.

(Ukimya. Mama fundi anagonga mkasi kwenye mguu wa kiti. Anagonga tena.)

Mama, tunamheshimu marehemu.

"Namwita ale," anasema mama fundi.

(Jiwe la nne linaondoka.)

Nani amegusa jiwe? Mlinzi, zuia jiwe hilo. Wewe jiwe, rudi kazini. (Pindo la pazia linaachiwa, upepo unalibeba lote hadi barabarani. Nyuma yake kuna uwanja mtupu, kamba ya nguo, na mbuzi anayetafuna mwongozo wa sherehe.)

Tulieni. Mnachokiona, au msichokiona, ni awamu ya kwanza. Uokoaji! (Wananchi wanalifuata pazia kwa macho.) Uokoaji! (Mbuzi anaitika.) Jibu ni: Kila reptilia na paa lake!

Sasa nishukuru kabla hamjatawanyika. Nashukuru shule iliyotuazima pazia. Nashukuru mwenye uwanja, ambaye ndiyo kwanza anajua tuko hapa. Nashukuru kampuni ya ujenzi, nayo itanishukuru siku nitakapoitafuta. Namshukuru mfagiaji wa ofisi yangu, aliyeweka majani na maji kando ya jiwe lile kila asubuhi, nami nikamwandikia barua ya onyo kwa uchafu; barua hiyo imefutwa. Na wakuu wa vitengo wote mliochukua mawe ya duara stoo kwangu kuzuia milango yenu, mawe kumi na sita, nawaomba myarudishe leo, polepole, na msiyageuze juu chini.

Mama fundi, nakusihi, usiondoke naye kabla hatujapiga picha. Huyo ndiye kituo chote tulichonacho. (Mama fundi amempakata Mpangaji, amemwekea jani la kabichi mdomoni, na anapita mbele ya jukwaa bila kugeuka. Analia na hajifichi.)

Karani, andika. Saa tano na dakika kumi, ametoa kichwa. Asanteni kwa kunisikiliza.