Kamati ya Waliojigongesha

Wananchi mnatangaziwa, kwa furaha kubwa, kwamba hakuna tena mtu anayegongwa na lori. Malori bado yanapita juu ya watu kama kawaida, hilo hatujaligusa. Tulichofanya ni kufuta neno "kugongwa" katika fomu zote na kuweka "kujigongesha". Mimi, Katibu wa Kamati ya Kubaini Chanzo cha Ajali, ndiye niliyelipendekeza, na nilipigiwa makofi mpaka nikaona haya.

Matunda yake tuliyaona haraka. Aliyegongwa ni msumbufu, kutwa kuuliza nani kamgonga. Aliyejigongesha anaomba radhi na kwenda zake.

Jumanne tulimwita fundi cherehani. Lori la mchanga lilikuwa limemvamia kibandani saa nne asubuhi, likasaga cherehani mbili na kumvunja mguu. Kosa lake ni kushona katika njia ya lori, njia ambayo lori lilijichagulia siku hiyo hiyo. Tukimtia hatiani, kibanda kinavunjwa Ijumaa. Humo ndimo anamopata chakula chake na cha wajukuu wanne.

Alikuja kwa magongo.

"Mwanangu, hebu nisomee ulichoandika."

"Umejigongesha, mama, ukiwa umekaa."

"Yaani nilikaa kwa kasi?"

"Kasi yako haikupimwa, mama."

Shahidi wetu alikuwa dereva, macho mekundu, siku ya pili hajalala.

"Nilimwambia bosi breki hazishiki," alisema. "Akanijibu mteremko wenyewe mfupi, nikaze moyo."

"Bosi hayumo kwenye fomu!" Mheshimiwa Mwenyekiti akamkata.

Alijua anachosema, maana bosi ni yeye. Lori lile ni lake, pamoja na mengine kumi na moja. Kamati iliiona hiyo kuwa bahati, kwani uenyekiti unahitaji mtu mwenye uzoefu na malori.

Lori lenyewe lilikuwa nje kama kielelezo, limeegeshwa juu kwenye mwinuko wa uwanja wetu. Mheshimiwa akachungulia dirishani.

"Lile jiwe chini ya tairi la nini?"

"Ndiyo breki, bosi," dereva akasema.

"Ofisi ya serikali na mawe? Aibu gani hii! Mlinzi, toa hilo jiwe!"

"Bosi, nakuomba..."

"Unanifundisha malori, wewe?"

Mlinzi akatoa jiwe, akaruka pembeni. Lori likaondoka taratibu, halina haraka na mtu, likapita mlingoti wa bendera na kulibana gari jipya la Mheshimiwa ukutani mpaka likawa jembamba kama daftari.

"Mama yangu wee! Gari langu!"

Mimi ni mtu wa utaratibu. Nilichukua fomu mpya. "Mheshimiwa, niandike limejigongesha?"

"Limejigongesha nini, mjinga wewe! Si lilikuwa limesimama? Limegongwa! Andika: limegongwa na lori bovu, mwenye lori aliambiwa ni bovu akapuuza, huyo ni mhalifu, akamatwe leo leo! Lete hapa!"

Niliandika neno kwa neno. Akatia sahihi kwa hasira hadi karatasi ikachanika, nami nikagonga muhuri wino wake ukiwa mbichi.

Fundi cherehani ndiye aliyeuliza, kwa adabu zake zote:

"Na huyo mwenye lori, mwanangu, anaitwa nani?"

Mheshimiwa akakaa.

"Katibu, futa hiyo. Andika lile neno letu."

"Haiwezekani, Mheshimiwa. Imeshagongwa."

"Imejigongesha!"

"Muhuri ninao mimi, Mheshimiwa."

Fundi akaegemeza magongo mezani, akaisukuma fomu yake mbele yangu. Pale penye "kujigongesha" alikuwa ameshachora mstari, akaandika juu yake "kugongwa" kwa herufi kubwa kubwa.

"Na yangu, baba. Lori ni lile lile, na mwenyewe ndiye huyo huyo aliyetiliwa sahihi akamatwe."

"Katibu," Mheshimiwa akanong'ona, "ukigonga hapo nimekwisha."

Nilimhurumia sana. Nikagonga.