Dakika Tano za Naitoti

Jumatatu, 2 Julai 1984
Mkuu wa shule katangaza mashindano ya hotuba. Ijumaa! Dakika tano kila mwanafunzi, kisha rimu ya gari, kengele yetu, inagongwa. Mshindi ataisoma hotuba yake Arusha mbele ya wakubwa wa mkoa, na mwalimu wake atapanda lori pamoja naye. Arusha, wanasema, sabuni ipo. Hapa Babati hatujaiona tangu Pasaka. Mke wangu Ursula anafulia majani ya mpapai na hanisemeshi.

Nimemchukua Naitoti wa kidato cha tatu, binti wa Simanjiro. Mwalimu mwenzangu Bernadina kamchukua Paskali. Maskini Paskali.

Jumanne, 3 Julai
Naitoti kaleta hotuba. Josho la kuogeshea ng'ombe kwao halina dawa mwaka wa pili huu, na ng'ombe wa baba yake wanaisha kwa ndigana, ugonjwa wa kupe. Nzuri, ila inaanza ghafla, kama mtu aliyeingia ndani bila hodi. Nikamwambia ushindi uko kwenye salamu: kila mgeni aamkiwe kwa cheo chake. Akauliza, na muda je? Nikacheka. Nani atamgongea rimu mtoto anayewaamkia wazee?

Jumatano, 4 Julai
Nimechungulia dirishani kwa Bernadina. Paskali anasema ndugu wananchi, basi, kaingia kwenye mada! Hana adabu. Nimemwongezea Naitoti majina. Katibu tarafa, padri, mchungaji, meneja wa duka la ushirika (huyu mara mbili), bwana mifugo. Hotuba imebidi ipunguzwe. Naitoti alikunja karatasi yake.

Ijumaa, 6 Julai
Msiba! Naitoti aliamkia mmoja mmoja na kusubiri, kama nilivyomfundisha. Wakaitikia! Katibu tarafa akauliza habari za Simanjiro. Padri akauliza kama baba hajambo. Mchungaji hakukubali kupitwa na padri, akauliza mvua. Mtoto akajibu yote. Alipomfikia bwana mifugo akataja josho, na rimu ikalia.

Paskali kashinda. Bernadina alinipa mkono. Unanukia sabuni! Anaitoa wapi?

Nilimkuta Naitoti nyuma ya darasa akilia. Silii safari, alisema. Baba yake alimtuma neno moja tu, la josho. Nilitamani ardhi inimeze. Nikaenda mwenyewe kumwangukia katibu tarafa. Kakubali: kesho Saba Saba, uwanjani, dakika mbili, na bwana mifugo atakuwepo.

Jumamosi, 7 Julai
Asubuhi nilimpelekea Naitoti karatasi mpya. Salamu nimezifuta zote, maana zinazaa majibu. Nikaweka shukrani, kwa watu thelathini na mmoja. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka chini ya kiti, akapanda jukwaani bila hiyo. Akasema josho tu. Uwanja mzima ukasogea kumsikiliza. Bwana mifugo akatoa daftari, akaandika, akaahidi mbele ya watu kupeleka dawa mwezi huu. Vigelegele! Nililia, sifichi.

Nimekaa nikawaza kwa nini walimsikiliza hivyo. Jibu nimelipata: walikuwa bado wanakumbuka salamu za jana! Basi nimeanza kuwaandikia wanafunzi wetu mwongozo wa kutoa hotuba. Unakwenda vizuri sana. Niko ukurasa wa nne, nimebakiza kuwaamkia wageni wa safu ya nyuma, halafu nitaingia kwenye hotuba yenyewe.